Sura ya Sita: Mizigo Ishuke

Ukitoka Mikumi kwa barabara ya Ifakara, milima ya Vidunda inakaa mkono wako wa kulia, na miwa inaanza kujitokeza kidogo kidogo: kwanza vishamba vya nusu ekari nyuma ya nyumba, halafu kijani kitupu hadi macho yachoke. Unapita Kidodi. Baada ya kilomita kama 36 unaukuta mto Ruaha Mkuu, na kabla ya mto kuna mji.

Mji huo unaitwa Ruaha. Ng'ambo ya daraja ni Kidatu, upande wa Kilombero. Huku bado ni Wilaya ya Kilosa, jimbo la Mikumi. Abiria wengi wa Ifakara wanaujua kupitia dirisha la basi tu, kwa ndizi na miwa ya kutafuna inayoinuliwa juu kwenye mabeseni. Lakini ushuke siku ambayo malipo ya miwa yametoka. Foleni ya wakala wa fedha imepinda kona. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ametoa mabati nje na kuyaegemeza ukutani yawake juani. Fundi cherehani anapokea vitambaa vya sare za shule ilhali shule zilishafunguliwa, na hakuna anayemwuliza mzazi kwa nini kachelewa. Kila mtu anajua kwamba fedha zilikuwa bado.

Siku moja kama hiyo nilikaa kwenye benchi la mama mmoja muuza chakula karibu na stendi. Alikuwa na daftari la madeni, jalada limeng'oka na kushonwa kwa uzi mweusi, na kalamu nyekundu ya kukatia majina. Watu walikuja, wakalipa wamesimama, jina likakatwa, wakaagiza wali na nyama kana kwamba wanaanza maisha upya. Nikamwuliza kama wote wanaokopa hulipa.

"Mwenye miwa analipa, baba," akanijibu bila kuinua kichwa. "Shamba lake nalijua lilipo."

Benki nyingi zingependa kuwa na uhakika wa namna hiyo. Miwa iliyosimama shambani, isiyoweza kuhamishwa usiku, ilikuwa dhamana ya sahani ya wali ya mwezi Machi. Jibu lile lilinifumbua macho kuhusu eneo lote hili, kutoka Ruaha hadi Mikumi hadi Kilosa mjini, na ndilo lililonifanya niandike sura hii.

Sidhani kuna sehemu nyingi nchini zilizopitiwa na vitu vikubwa kama hii. Reli ya Kati ya Wajerumani ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikafika Dodoma 1910. Barabara kuu ya Zambia inakatiza Mikumi. Sambamba na barabara hiyo kuna bomba la mafuta la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968, linalotoka Dar es Salaam hadi Ndola. Reli ya TAZARA inapita Kidatu. Umeme wa Kidatu umesafiri kwa nyaya tangu mwaka 1975. Na sasa reli ya kisasa, SGR, imetoboa milima ya Kilosa kuelekea makao makuu ya nchi. Dar es Salaam, jiji la biashara, liko upande mmoja, na Dodoma, jiji la serikali, upande wa pili. Kilosa imekaa katikati kama mtu aliyejenga nyumba njia panda.

Aliyejenga njia panda anapaswa kutajirika. Kwa nini basi wilaya yenye ardhi nyeusi ya mbugani, mito isiyohesabika na reli tangu enzi ya Mjerumani imebaki na mji mkuu wake, Kilosa, ukiwa na majengo ambayo ukiyaangalia unaona mara moja kwamba siku zake nzuri zimeshapita? Jibu langu ni lile la mama wa daftari. Kinachopita hakikatwi jina daftarini. Mji hulishwa na kile kinachosimama: kikashushwa, kikapimwa, kikasindikwa, kikalipiwa papo hapo.

Kilosa yenyewe ilikuwa na kitu cha kusimamisha treni. Kilikuwa mkonge. Zao hilo liliingizwa na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, mwaka 1893, na ingawa watu wakisikia mkonge hufikiria Tanga, ukanda wa Kimamba, Rudewa na Msowero nao ulijaa mashamba makubwa, mengi yakimilikiwa na Wagiriki na Wahindi. Pamba nayo ilikuwapo. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Ilonga, nje kidogo ya mji wa Kilosa, kilianzishwa mwaka 1943. Fikiria kazi iliyokuwa kwenye korona moja tu, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge. Kuna wakataji majani shambani, kuna wenye reli ndogo za kusomba, kuna walioshika mashine, waanikaji wa singa, wafunga marobota, wapagazi wa stesheni. Manamba, vibarua wa mkataba, walitoka Njombe, Songea, hata Msumbiji na Burundi, na kila mmoja alihitaji unga, kanga ya mkewe, baiskeli. Kimamba ikawa na maduka. Treni ilisimama kwa sababu kulikuwa na marobota ya kupakia.

Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna zaidi ya tani 230,000 za mkonge, kiasi ambacho hakijafikiwa tena. Halafu kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, mengine yakabaki kwa wenyewe waliokuwa wamekwisha kata tamaa. Kilosa ilipoteza mkonge polepole, shamba kwa shamba. Msitu ukarudi kati ya mistari. Korona zikanyamaza.

Hapa sitapita haraka, kwa sababu shamba lililoachwa halikai tupu. Hati miliki ilibaki kabatini kwa mtu aliye mbali, huku wanakijiji wakiingia na majembe, kwanza kwa woga, kisha kwa mazoea, na wafugaji wakiingia na ng'ombe kwa sababu majani yalikuwapo na maji yalikuwapo. Kila mmoja alikuwa na sababu yake na hakuna aliyekuwa na karatasi. Tarehe 8 Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38, wanawake na watoto wakiwamo. Kwa watu wa Kilosa tukio hilo halijawa historia; bado lipo katika namna watu wanavyosalimiana mnadani. Anayezungumzia kufufua uchumi wa wilaya hii bila kuanza na ardhi anajenga ghorofa kwenye tope. Serikali imekuwa ikifuta hati za mashamba yaliyotelekezwa Kilosa na kuyagawa, na ni jambo jema. Nasisitiza tu kwamba kugawa ndiyo kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kupima njia za mifugo, malambo na mipaka ya vijiji kabla ya mvua, na kuyalinda baada ya diwani kubadilika.

Tena ardhi ya hapa imeunganishwa na mambo ya mbali. Mgawo wa umeme ulipoibana nchi mwaka 2006, lawama iliangukia Usangu, kwenye bonde la Ihefu, kunakoanzia maji ya Ruaha Mkuu yanayoshuka hadi mabwawa ya Mtera na Kidatu. Wafugaji wakaondolewa Usangu. Ilisemwa wataelekea kusini, Lindi na kwingineko, lakini ng'ombe hafuati barua. Wengine waliishia mabonde ya Morogoro. Hivyo taa iliyowashwa Dar es Salaam ilimgusa mkulima wa mahindi ambaye yeye mwenyewe alikuwa akitumia kibatari.

Nirudi Ruaha, maana ndiko kitu kilikosimama na kuendelea kusimama.

Kampuni ya Sukari Kilombero ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, kiwanda cha kwanza kikiwa Msolwa, kusini ya mto. Katikati ya miaka ya 1970 kikaongezwa cha pili, Ruembe, kaskazini ya mto, yaani upande wa Kilosa. Mwaka 1998 serikali iliuza asilimia 75 ya hisa, ikabaki na 25, na tangu wakati huo kampuni imeendeshwa chini ya Illovo ya Afrika Kusini. Uzalishaji ulipanda zaidi ya maradufu. Lakini jambo lililoujenga mji wa Ruaha halikuwa kiwanda peke yake. Kiwanda kingeweza kulima miwa yote kiliyohitaji, kikalipa vibarua, basi. Kilichobadilisha maisha ni wakulima wa nje: watu karibu 8,000 wenye ekari moja, mbili, tano, wanaopeleka miwa yao mlangoni na kulipwa.

Muwa una tabia moja inayostahili kuelezwa polepole, kwa kuwa uchumi wa mji mzima umejengwa juu yake. Muwa ukishakatwa, sukari iliyomo huanza kuharibika. Hauwezi kuwekwa ghalani kama mahindi ukingoja bei. Hauwezi kupakiwa lori ukapelekwa Dar es Salaam kutafuta mnunuzi mwingine. Una siku mbili, tatu, na kila saa ya jua inauondolea uzito na utamu. Kwa hiyo ni lazima kiwanda kiwe karibu, ni lazima matrekta ya kusomba yawe karibu, gereji za matrekta ziwe karibu, wachomeleaji wa tela wawe karibu, wakataji walale karibu, na anayewapikia wakataji awe karibu. Zao lisilosafiri ndilo lililolazimisha mji uwepo.

Lakini tabia hiyohiyo ndiyo inayomfunga mkulima. Anavuna pale tu kiwanda kinapompa zamu. Moto unawashwa shambani jioni ili majani makavu yaungue na nyoka wakimbie. Jivu linapaa, linaangukia nguo zilizoanikwa Ruaha nzima, na watu wanazianua bila kulalamika kwa sababu jivu ni habari njema. Asubuhi wakataji wanaingia na mapanga, nyuso nyeusi, soksi zimevutwa mikononi kama glavu. Trekta likichelewa, mwenye shamba anakaa kwenye kingo akiangalia fedha yake ikikauka. Mizani ikishapima tani, bado kuna kipimo cha pili, kiwango cha sukari iliyomo ndani ya muwa, na huo mkulima hauoni kwa macho. Anaona namba kwenye karatasi. Miwa ya majirani wawili, mbegu moja, udongo mmoja, inaweza kurudi na namba mbili tofauti, na hapo ndipo maneno ya kijiweni yanapoanza. Sina sababu ya kusema kwamba vipimo vinachezewa. Nasema kwamba mtu anayelipwa kwa kipimo asichoweza kukihakiki hawezi kulala na amani, na vyama vya wakulima, AMCOS za miwa, vingefanya jambo kubwa kuliko mikutano yote ya mwaka kama vingekuwa na mtaalamu wao mwenyewe wa maabara, anayesimama mle ndani, analipwa na wakulima, anatoka na daftari lake.

Kuna misimu ambayo miwa ililala shambani. Wakulima walihamasishwa kupanda, wakapanda, wengine wakang'oa mpunga ili wapande, na viwanda vikajaa kabla ya zamu yao kufika. Muwa uliopitiliza unakuwa mgumu, unaanguka, unachipua pembeni, na mkopo wa mbolea unaendelea kuhesabu siku zake. Mwaka 2021 kampuni na serikali zilikubaliana kujenga kiwanda kipya, kinachojulikana kama K4, ili uwezo upande kutoka takriban tani 127,000 za sukari kwa mwaka hadi tani 271,000. Kwa mji wa Ruaha habari hiyo ina uzito kuliko reli ya kisasa. Ina maana ya maelfu ya wakulima wapya, na ina maana pia kwamba mpunga na mahindi vitazidi kusukumwa pembeni. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipoloanisha mashamba hadi matrekta yakashindwa kuingia, sukari iliadimika nchini na kilo ikapita Sh 4,000 sehemu nyingi. Watu waliokuwa wamezungukwa na miwa pande zote walikunywa uji bila sukari. Eneo lenye zao moja hupata njaa ya zao hilohilo, na nyingine zote juu yake, kwa kuwa unga nao unanunuliwa.

Mwenye kutaka kuona namna nyingine ya kusimamisha mali aende Malolo, kata ya Kilosa iliyo mbali upande wa barabara ya Iringa, inayotazamana na Ruaha Mbuyuni ng'ambo ya mto. Huko ni vitunguu. Mifereji inatoa maji mtoni, vitalu vinamwagiliwa, na msimu ukifika magunia mekundu yanapangwa kando ya lami. Kitunguu, tofauti na muwa, kinasafiri. Mnunuzi anatoka Dar es Salaam na lori lake, anataja bei, na anataka gunia la lumbesa, lile lililofungwa kilemba cha kamba juu hadi linakaribia kuwa gunia na nusu. Mkulima anajua anaibiwa. Anajua pia kwamba vitunguu vimeshang'olewa, mawingu yako juu ya milima ya Udzungwa, na hana banda lenye hewa la kuvihifadhia hata mwezi mmoja. Banda la miti na nyasi, lililoinuliwa na kuachiwa upepo, lingempa wiki kadhaa za kukataa bei mbaya. Lingesimamisha lori. Sijaona uwekezaji wa bei nafuu kuliko huo katika eneo lote hili.

Mikumi ni hadithi nyingine kabisa. Mji huu ulizaliwa na dhiki ya Zambia. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia Novemba 1965, njia ya kusini ya shaba na mafuta ikafungwa, na Dar es Salaam ikawa mlango. Malori yakaanza kupita kwenye vumbi na matope, kisha lami ikaja. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilikuwa imetangazwa mwaka 1964, kwa hiyo barabara ikapita ndani yake, kilomita 50, na hadi leo abiria wa basi la Mbeya anaona tembo bila kulipa kiingilio. Wanyama wamelipa wao. Alama zinataka mwendo upunguzwe, kuna matuta, kuna faini kwa anayemgonga mnyama, na bado asubuhi utakuta swala au nyani amelala kando ya lami.

Dereva wa lori anasimama Mikumi, na hapo ndipo mji unapopata riziki yake: chipsi mayai, chumba cha kulala, maji ya kuoga, fundi wa matairi anayefanya kazi kwa tochi saa nane za usiku. Usidharau. Fundi yule amesomesha watoto. Lakini uchumi wa kulala usiku mmoja una upande wake mchungu, ambao miji yote ya malori inaujua, na ulichimba makaburi mengi katika miaka ya 1980 na 1990, kabla ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI.

Mtalii, ambaye wote wanamngoja, anasimama kwa muda mfupi kuliko dereva. Wengi sasa wanakuja kwa ndege ndogo kutoka Zanzibar: wanatua asubuhi, wanaona simba na viboko, wanakula chakula cha mchana, jioni wamesharudi ufukweni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa Mikumi mjini huyu mgeni hamwoni. Mradi wa REGROW, uliogharimiwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150, ulikusudiwa kufungua utalii wa kusini: hifadhi za Nyerere, Ruaha, Mikumi na Udzungwa. Benki ilisimamisha fedha mwaka 2024 baada ya malalamiko ya wananchi wanaoishi kando ya Hifadhi ya Ruaha kuhusu walivyotendewa, na baadaye mradi ukafungwa. Funzo kwa Mikumi ni gumu. Barabara za hifadhini na viwanja vya ndege vinaweza kujengwa kwa fedha za nje, lakini jirani wa hifadhi aliyeumizwa ana uwezo wa kusimamisha vyote.

Kinachonisikitisha ni kwamba sababu ya kumlaza mgeni usiku wa pili ipo, na iko barabarani. Saa moja na kitu kutoka Mikumi, ukipita Ruaha na Kidatu, kuna Udzungwa, hifadhi tangu 1992, ambapo maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170 ndani ya msitu wenye kima wasiopatikana popote pengine duniani. Lami imefika: kipande cha Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, kilichojengwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, pamoja na daraja jipya juu ya Ruaha Mkuu. Mgeni anayetoka Mikumi kwenda Udzungwa ni lazima apite Ruaha mjini. Hajatengenezewa sababu ya kushuka. Mtoto anayekamua miwa kwa mashine ya mkono, akaweka ndimu na tangawizi, ana sababu hiyo mkononi, ila hana hata kivuli cha kumkalisha mteja.

Nimeutaja umeme mara mbili na sijausema. Mitambo ya Kidatu imefichwa chini ya mwamba. Minne, megawati 51 kila mmoja, jumla 204, na hadi Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuzalisha mwaka 2024 hakuna kituo cha umeme wa maji nchini kilichoizidi. Kwa karibu miaka 50 viwanda vya Dar es Salaam vimezunguka kwa nguvu ya mto unaopita hapa, wakati vijiji vilivyokuwa chini ya nyaya vilisikia mlio wake tu hadi umeme wa vijijini ulipofika. Ilonga nayo imefanya hivyohivyo kwa upande wa mbegu. Mahindi ya Staha, Kilima na TMV-1 yalitoka pale, yakaenda kulisha mikoa mingi, na mkulima wa Kilosa ananunua mbegu dukani kwenye pakiti kama mtu wa Kagera.

Kuna mahali pamoja ambapo mzigo ulilazimishwa kushuka kwa makusudi. Reli ya Kati, ya TRC, ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA 1,067. Tofauti ni upana wa vidole vitatu, lakini behewa la huku haliendi kule. Tawi la reli kutoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu lilikuwa limejengwa miaka ya 1960, kwa ajili ya sukari, na mwaka 1998 uwanja wa kuhamishia mizigo kati ya reli hizo mbili ukakamilika Kidatu. Kwenye ramani ni mahali pazuri kuliko pote: Kigoma na Mwanza upande mmoja, Zambia upande mwingine, sukari katikati. Kwa miaka mingi matumizi yake yamekuwa madogo kuliko matarajio, kwa kuwa reli zenyewe zote mbili zilichoka na tawi la Kilosa likadhoofika. Ningekuwa na sauti ningelianzia hapo. Vidole vitatu vile ni bahati. Mahali mzigo unaposhushwa na kupakiwa upya ndipo kuna ghala, wakala, mpimaji, fundi, mlinzi, na ushuru wa kuingia halmashauri.

Mto wa Kilosa una neno lake katika haya yote. Mwishoni mwa Desemba 2009 hadi Januari 2010 Mkondoa ulivunja tuta, ukaingia mjini, maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema, na reli ikasombwa kati ya Kilosa na Gulwe. Kwa miezi kadhaa abiria wa Kigoma ilibidi wapande basi hadi Dodoma ndipo wakute treni. Nakumbuka jinsi stesheni ya Kilosa ilivyokuwa kimya kipindi kile, kengele imening'inia bila wa kuigonga, na wauza mayai ya kuchemsha wamehamia stendi. Wajenzi wa SGR waliitazama njia ile ya bondeni wakaamua kuinua tuta juu na kupasua milima: mahandaki manne, yenye urefu wa jumla ya kilomita 2.6. Safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma ilianza Julai 2024. Treni ya haraka inapita Kilosa bila kusimama. Ile ya kawaida inasimama.

Nilishuka na ya kawaida, siku ya kazi, mchana. Tulishuka watu kama kumi na wawili kwenye jengo jipya, sakafu inang'aa, feni zinazunguka juu ya viti vitupu. Mmoja wetu alikuwa mama mwenye ndoo mbili zilizofunikwa kwa khanga, dagaa wa Dar es Salaam, akielekea kwa binti yake Mikumi. Kutoka Dar es Salaam hadi pale alikuwa ametumia muda mfupi kuliko anaotumia kupanga foleni ya maji nyumbani kwake, alisema, na hakuamini. Kisha akauliza gari la Mikumi.

Kutoka Rudewa lami imefika Kilosa. Kutoka Kilosa kwenda Mikumi, kupitia Ulaya, zaidi ya kilomita 70, ni changarawe, na hiyo barabara imeahidiwa muda mrefu. Kijana wa bodaboda akamweleza kwamba gari la asubuhi limeshaondoka, la jioni linategemea abiria wakijaa, na mvua ya jana imekula kivuko kimoja. Mama akazishusha ndoo zake, akakaa juu ya mojawapo, akafungua khanga ya ile nyingine. Kijana akachungulia, akauliza bei ya kisado. Kabla sijapata usafiri wangu walikuwa wamesimama watu watano kumzunguka, na mmoja wao alikuwa ametumwa kutafuta chenji.